Chumba Kinachotazama Bahari

Kwenye ofisi ya safari walimwita Ramani. Jina alilipata kwa mteja mmoja mzee aliyekuja kuulizia hoteli fulani ya mwambao, akitaka kujua kama magoti yake yataiweza. Ramani hakufungua kitabu wala hakumpigia mtu simu. Alimwambia ngazi ni kumi na nne kutoka ukumbini hadi kwenye bwawa, na zile tatu za mwisho huteleza asubuhi kwa sababu wanapiga deki kuanzia juu. Mzee akamwuliza, "Wewe uliishi huko miaka mingapi, binti?" Ofisi nzima ikaangua kicheko, maana Ramani hakuwahi kukanyaga mwambao huo hata kwa bahati mbaya.

Aliyoyajua aliyajua kwa kuuliza. Mteja akirudi likizoni, hata kama alipita tu kusalimia, alikalishwa kitini, akapewa chai, akahojiwa mpaka chai ikapoa. Mito ni migumu au laini? Mlango wa bafu unafungukia ndani au nje? Nani anapiga kelele alfajiri? Kwa umri wake wa miaka arobaini na mitatu alikuwa na madaftari manane yaliyojaa habari za vyumba ambamo wengine walilala.

Mwambao wenyewe ulikuwa wa wenye nazo. Nyumba nyeupe zilizopanda kilima, hoteli ambazo taulo hubadilishwa mara mbili kwa siku, wahudumu wanaokumbuka jina la mbwa wako hata kama wewe wamekusahau. Kiangazi kikikaribia, simu za ofisini hazikupumzika, kila mtu akitaka chumba, kila mtu akitaka hichohicho ambacho mwenzake ameshakichukua. Ramani aliwapanga wote. Alikuwa na fomu yake mwenyewe, yenye maswali tisa, aliyoitunga baada ya kuona wateja wakilalamika wakirudi. Unasafiri na nani? Chumba kitazame wapi? Chakula gani hakikupatani? Uamshwe saa ngapi? Waajiriwa wapya aliwaambia mtu hajui anachotaka mpaka aulizwe, na aulizwe polepole, kalamu ikiwa mkononi.

Mbali na fomu hiyo, palikuwa na sheria moja ukutani, kwa mwandiko wake mwenyewe. Ilitokana na kisa cha bwana mmoja aliyemwandikisha mkewe kwenye safari, kisha akamfuta kimyakimya na kumweka mtu mwingine. Mke alikuja ofisini siku ya kuondoka, na sanduku lake, na kitambaa kipya kichwani, akiuliza gari linaondokea wapi. Ramani ndiye aliyempa kiti. Kesho yake akaandika na kubandika: *Mtu wa pili akiondolewa kwenye safari, apigiwe simu yeye mwenyewe, aseme kwa kinywa chake kwamba ameridhia.* Aliyekabidhiwa kazi hiyo ni mzee wa meza ya simu, waliyemwita Hakika, kwa kuwa hakuwahi kukubali jambo lolote mpaka alihakikishe mara mbili. Ukimwambia kunanyesha atachungulia dirishani, kisha atatoa mkono nje.

Sasa, nyumbani. Ramani aliishi na dada yake mkubwa na mama yao katika nyumba ya chini kwenye jengo la ghorofa nne: vyumba viwili, jiko, na baraza nyembamba ya kuanikia nguo. Mama alipatwa na kiharusi miaka kumi na mmoja iliyopita. Upande wa kushoto ulilala moja kwa moja, na maneno yakabaki machache. Wakati huo Dada alikuwa kiwandani, akipinda mashuka ya hoteli, na alikuwa bingwa. Pindo lake halikuwahi kurudishwa. Alipenda kusema kwamba siku moja atakwenda kuwaona hao wanaoyalalia. Mama alipoanguka, Dada aliomba ruhusa ya mwezi mmoja. Mwezi ukawa miwili, miwili ikawa mwaka, na kiwanda kikamweka mtu mwingine kwenye mashine yake. Hakuna siku waliyoketi wakaamua kwamba Dada ndiye atakayebaki nyumbani. Ilitokea tu, na mambo yaliyotokea tu ndiyo magumu kuliko yote kuyarudisha nyuma.

Ramani alileta mshahara, na Dada alimgeuza Mama: asubuhi, adhuhuri, jioni, na mara mbili usiku, ili ngozi isichubuke. Walipendana, na hilo lisemwe, maana haya yanayofuata yanaweza kumfanya mtu adhani vingine.

Jumatatu moja, wiki mbili kabla ya kiangazi kushika kasi, bosi aliwakusanya wafanyakazi akawasomea barua. Hoteli moja ya mwambaoni, iliyopokea wageni wengi kutoka mkononi mwa Ramani, ilimpa zawadi: siku sita, watu wawili, chumba cha upande wa bustani. Walimpigia makofi. Hakika akaleta fomu palepale, na Ramani akajaza. Msafiri wa kwanza, yeye. Msafiri wa pili, Dada. Hakufikiri hata kidogo. Laiti angeishia hapo.

Kufikiri kulianza njiani akirudi nyumbani. Mama atabaki na nani? Mama yao mdogo, anayeishi mitaa mitatu kutoka kwao, aliwahi kusema yuko tayari kuja. Lakini watu husema mengi. Basi alijitia kuhangaika na swali hilo, na alijua kabisa kwamba silo. Swali lenyewe lilikuwa jingine, na lilimtia haya hata kulitazama. Akienda na Dada, mwambao mzima utageuka chumba cha Mama. Dada atauliza kila saa kama amekunywa dawa. Atapiga simu. Ataamka usiku kwa mazoea na kuwasha taa. Ramani alitaka siku sita za kutoitwa na mtu yeyote, na alizitaka kwa uchu, kama mtu aliyeshinda na kiu.

Jumatano alimpigia mtu wa vyumba wa ile hoteli. Alijiambia ni kuuliza tu. "Ukija peke yako," yule bwana akasema, "ile nafasi ya pili tunaweza kuigeuza. Tukupandishe ghorofa ya tano, upate chumba kinacho..."

"Kinachotazama bahari," Ramani akammalizia. "Ndiyo. Nipe."

Madaftari yake yalimwambia kwamba vyumba vya bustani husikia sufuria za jikoni tangu alfajiri, na kwamba vile vya ghorofa ya tano vina kibaraza chenye viti viwili. Viti viwili. Alikata simu, akachukua fomu, akapiga mstari juu ya Dada, akairudisha kwenye faili. Ile sheria ya ukutani haikumjia kichwani hata kidogo. Sheria ilikuwa ya wateja.

Alhamisi akamdanganya. Dada alikuwa jikoni akimenya viazi, na Ramani akasimama mlangoni na mkoba begani, kama mtu aliye tayari kukimbia.

"Nitasafiri, Dada. Si Jumatatu hii, ile nyingine. Kikazi."

"Wapi?"

"Huko mwambaoni. Kuna semina."

"Semina ya nini?"

"Ya... huduma kwa wateja."

Dada akacheka. "Wewe ndiye wa kufundishwa huduma? Si ungewafundisha wao?" Akaendelea kumenya. "Siku ngapi?"

"Sita."

"Masikini. Siku sita mnafungiwa ukumbini na bahari iko nje. Jitahidi walau ulowe miguu."

Alisema hivyo bila hila yoyote, kwa huruma tupu, na Ramani akaenda kuoga ili apate mahali pa kuinamisha kichwa.

Siku zilizofuata alipanga likizo yake kama mwizi anavyopanga. Vazi la kuogelea alilificha kwenye droo ya meza yake ofisini, chini ya karatasi za bima. Mafuta ya jua aliyatia kwenye chupa ya dawa ya kikohozi. Ratiba aliiandika kwa mwandiko mdogo nyuma ya daftari la nane: siku ya kwanza asifanye chochote, siku ya pili akae kibarazani, siku ya tatu, tazama siku ya kwanza. Aliwahi kuwapangia watu mamia na hakuwahi kuona ratiba nzuri kama ile. Kila alipoifungua moyo ulimruka kwa furaha, kisha ukamsuta, tena kwa sauti kubwa zaidi.

Na Dada, ungedhani ameambiwa azidishe wema. Jumanne jioni ya wiki ya pili, Ramani aliporudi, alizikuta sketi zake tatu za ofisini zimeshushwa, zimepindwa upya, zimepigwa pasi na kutundikwa mlangoni. "Semina ni ya watu wazito," Dada akasema. "Usiende na pindo lililolegea." Ramani akashukuru. Pindo lilikuwa limenyooka kama la kiwandani.

Jumatano alikuta daftari jipya mezani, na kalamu mbili. "Uandike wanayowafundisha," Dada akasema, "ukirudi unisomee. Na mimi nijue huduma." Alimtazama usoni muda mrefu kidogo kuliko kawaida. Ramani akalichukua daftari, akasema lina karatasi nzuri.

"Wanawapa chakula huko?" Dada akauliza.

"Wanatupa."

"Na chumba, mnalala wawili wawili?"

"Mmoja mmoja," Ramani akasema.

"Afadhali. Mtu apumzike."

Alhamisi mchana mama mdogo alikuja kumjulia hali dada yake. Alikuwa mama mnene mwenye kupenda soga, na alikaa kitako kando ya kitanda cha Mama akamlisha ndizi kidogo kidogo, akimpangusa kidevu bila kukatiza hadithi. Ramani aliwahi kutoka kazini siku hiyo, akamkuta. Katika mazungumzo mama mdogo akasema, "Mimi nilishawaambia tangu mwaka juzi, nikae na dada yangu hata wiki, nyinyi mkapunge upepo. Hakuna aliyenijibu. Nikajua labda mnaniona sifai."

"Tunakuona unafaa, mama mdogo," Dada akasema.

"Basi semeni. Mimi sina kazi. Nitamgeuza kama chapati."

Mama akacheka kwa ule upande wake mmoja. Ramani hakucheka. Kisingizio chake cha mwisho kilikuwa kimemponyoka mbele ya macho yake, na yeye mwenyewe hakuthubutu hata kukiinua.

Mama mdogo alipoondoka, Dada aliingia chumbani anamolala na Mama, akatoka na boksi la kadibodi. Ndani palikuwa na kofia pana ya jua, rangi ya maziwa, yenye utepe wa buluu. Lebo ya dukani ilikuwa bado inaning'inia kwa uzi.

"Nilinunua mwaka ule Mama alioanguka," akasema. "Kiwanda kilikuwa kitupeleke mwambaoni kiangazi, wale wote wa mashine za pindo. Imekaa tu. Chukua. Semina ikiisha mapema, jua la huko ni kali."

"Dada, siwezi."

"Huwezi nini?"

Palikuwa na nafasi pale. Ilikuwa pana, mlango wazi kabisa, na Dada amesimama ameishika kofia kwa mikono miwili, akingoja. Ramani akamwona akingoja, akadhani anangoja shukrani. Akasema ahsante. Akaiweka kofia begini, juu ya sketi, kwa uangalifu ili isikunjike.

Asubuhi ya Ijumaa kofia ilimshinda. Alikuwa anafunga zipu ya begi akaona ile lebo, akakaa kitandani. Orodha za wasafiri wa Jumatatu hufungwa Ijumaa saa sita mchana. Alikata shauri papo hapo: atamrudisha Dada kwenye fomu, atachukua chumba cha bustani pamoja na sufuria zake, na jioni atamwambia kwamba semina imegeuka likizo. Mnaona? Hata katika kutubu alikuwa bado anatafuta namna ya kutosema.

Saa tatu alikuwa mbele ya meza ya Hakika. "Nipe faili langu. Nataka kumrudisha mtu wa pili."

Hakika akashusha miwani. "Amebadili nia?"

"Nani?"

"Dada yako. Aliridhia kutokwenda." Akalifungua faili na kumgeuzia. Chini ya ule mstari aliouchora Ramani, kwa mwandiko wa Hakika uliosimama wima, palikuwa pameandikwa: *Mtu wa pili amepigiwa simu nyumbani, Jumanne saa nne asubuhi. Ameulizwa mara mbili. Amesema kwa kinywa chake kwamba ameridhia.*

"Ulimpigia," Ramani akasema.

"Sheria ni yako," Hakika akajibu, akionyesha ukutani. "Mtu mwenye adabu sana. Nilimweleza: safari ya mapumziko, siku sita, nafasi yako imeondolewa ili mwenzako apate chumba cha bahari, je, umeridhia? Akanyamaza. Nikadhani simu imekatika. Nikauliza tena. Akasema ndiyo, nimeridhia, ahsante kwa kuuliza. Mimi nilidhani mmekubaliana."

Jumanne saa nne. Ramani akahesabu kwa vidole chini ya meza. Sketi zilipindwa Jumanne jioni. Daftari lilikuja Jumatano. Kofia, jana. Wema wote ule ulikuja baada ya simu. Akachukua fomu moja tupu kutoka kwenye rundo lake, akatoka bila kumuaga bosi.

Alimkuta Dada kwenye baraza akianua mashuka ya Mama. Mama alikuwa amesinzia. Dada akamtazama na kuendelea kukunja.

"Umerudi mapema. Semina imeahirishwa?"

"Hakuna semina, Dada."

"Najua."

"Najua kwamba unajua. Hakika ameniambia." "Kwa nini ulimjibu ndiyo?"

"Ulitaka nimjibu nini? Nimwambie mtu nisiyemfahamu, tena wa kazini kwako, kwamba mdogo wangu amenidanganya?" Akalinganisha pembe mbili za shuka. "Kazi yako ndiyo inatulisha. Nikasema nimeridhia. Nilipokata simu nikakaa pale chini, hapo ulipokanyaga, mpaka Mama akaniita."



"Halafu nikakungoja," Dada akaendelea. "Jumanne nikasema nikimpindia sketi atasema. Hukusema. Nikasema labda daftari. Ukasema lina karatasi nzuri. Jana nikatoa kofia yangu. Miaka kumi na mmoja sijaivaa mimi mwenyewe. Nikasema, hapa hata jiwe litasema. Ukaitia begini."

Ramani akalia. Dada hakumbembeleza. Alichukua shuka la pili, akalikung'uta, akaanza kulikunja, na machozi ya mdogo wake akayaacha yashuke yanavyotaka.

"Nilidhani utakataa," Ramani akasema hatimaye. "Kwa ajili ya Mama."

"Pengine ningekataa. Nakujua unavyoniwaza, na pengine ni kweli. Lakini ningekataa mimi."

Ramani, kwa mara ya kwanza katika wiki mbili, hakutafuta kisingizio. Alijipangusa kwa kiganja. "Nenda wewe," akasema. "Peke yako. Mimi nitabaki na Mama, na mama mdogo atanisaidia."

"Usinitolee sadaka. Umekosa, sasa unanirushia kilichobaki ili ulale vizuri."

Maneno hayo yalimwingia, kwa kuwa nusu yake yalikuwa kweli. "Nitakuwa nimekosa hata ukienda," akasema. "Hata ukirudi. Sikupi, Dada. Nakuuliza."

Dada akaweka shuka juu ya mengine. Akaingia jikoni, akavuta kiti, akakaa, mikono mapajani. "Basi niulize vizuri," akasema. "Niulize kama unavyowauliza wale watu wako."

Ramani akaikunjua fomu juu ya meza, akatoa kalamu. Kabla ya swali la kwanza alimpigia Hakika, maana saa ilikuwa inakimbia. "Futa msafiri wa kwanza," akamwambia. "Mwandike yule wa pili."

"Msafiri wa kwanza aulizwe mwenyewe," Hakika akasema.

"Ni mimi, Hakika. Unaongea naye."

"Umeridhia kuondolewa kwenye safari hii?"

"Nimeridhia."

"Nauliza tena."

"Nimeridhia, mzee wangu. Kwa kinywa changu." Dada, upande wa pili wa meza, aliinamisha uso, na mabega yakamtikisika kidogo. Kama ni kicheko au ni nini, Ramani hakuthubutu kuchungulia.

Kisha akaanza, polepole, kalamu mkononi. "Unasafiri na nani?"

"Na kofia yangu."

"Chumba kitazame wapi?"

"Bahari. Kilipatikana kwa nafasi yangu, wacha nikae humo mimi."

Ramani akaandika. "Chakula gani hakikupatani?"

"Chochote nitakachotakiwa kukipika."

"Mtu wa kuarifiwa ukipatwa na jambo?"

"Wewe," Dada akasema, akishangaa kuulizwa. "Nina nani mwingine?"

Kalamu ikasimama juu ya karatasi. Ramani alijua kila chumba cha ghorofa ya tano, na hakuwahi kujua kwamba dada yake hapendi mto mrefu, kwamba hulala akielekea mlango, kwamba huogopa lifti. Kila jibu lilimwuma kidogo. Aliandika yote, hata ya lifti, na pembeni akaongeza kwamba ngazi za nyuma zina mahali pa kushika.

Wakafika swali la mwisho. "Uamshwe saa ngapi?"

Dada aligeuka. Alitazama mlango wa chumba cha Mama. "Watu husemaje?"

"Wengine saa moja. Wengine saa tatu. Wengine husema wasiamshwe."

"Inaruhusiwa?"

"Inaruhusiwa."

"Na hakuna mtu anayekuja kugonga?"

"Hakuna."

Dada akafikiri kwa makini, kama mtu anayeogopa kukosea jibu. "Basi andika hivyo," akasema.

Ramani akaandika *asiamshwe*, akapiga mstari chini yake, na kabla hajaweka nukta Mama akaita kutoka chumbani. Wote wawili wakainuka. Walitazamana juu ya meza, kisha Dada akakaa tena, kwa shida, akijishika kwenye kiti.

Ramani akaingia peke yake. Mama alikuwa amefumbua macho. Akamtazama binti aliyeingia, halafu akatazama mlango nyuma yake, akimngoja yule mwingine. Palikuwa na mito mitano pale kitandani, na Ramani hakujua hata mmoja unakaa wapi. Aliinua mmoja, akaurudisha.

"Dada," akaita, na aibu ikamjaa mpaka masikioni, "saa hizi anageuzwa upande gani?"

"Muulize mwenyewe," Dada akasema kutoka jikoni. "Huwa anajibu."

Ramani akapiga magoti kando ya kitanda mpaka uso wake ukawa sawa na uso wa mama yake, akamuuliza.